MTOTO ANAPOUGUA USIKU: ZAMU YA MZAZI

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza za kwata kwamba mlinzi aliyelala langoni hana udhuru. Hata kama adui hakuja usiku ule, kosa ni kosa. Sheria hiyo ni kali, lakini kila aliyevaa sare anaielewa maana yake: yako mambo katika dunia hii ambayo hayamngojei mtu aamke, anawe uso, ndipo ayashughulikie. Maradhi ya ghafla ya mtoto mchanga ni mojawapo ya mambo hayo.

Katika kambi za jeshi na kota za polisi mjini Kampala, kama ilivyo katika nyumba nyingine zote za mji huo, wazazi hukimbia usiku na mtoto mikononi, mara juu ya boda boda, mara ndani ya gari la jirani, bila kujua kama watarudi naye. Mazungumzo haya yanahusu saa hizo chache: yale yanayompata mzazi, yale anayoweza kufanya, na yale ambayo wakuu na wenzake kazini wanaweza kumfanyia.

Chukua mfano wa koplo mmoja wa polisi mwenye mke na mtoto wa miezi 9. Koplo yuko zamu ya usiku, upande wa pili wa mji. Mtoto ameshinda na homa. Jioni mama amempa dawa ya kupunguza homa, homa ikashuka kidogo, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Saa 5 za usiku mtoto anakataa titi. Saa 6 anatapika kila anachopewa. Saa 7 macho yanampinduka, mikono na miguu inakakamaa, na baada ya hapo analegea kama kitambaa kilicholowa maji. Mama anapiga simu.

"Baba watoto, mtoto amebadilika."

"Mama watoto, ningoje. Nikitoka zamu saa 12 tutampeleka pamoja."

Jibu hilo limetoka katika moyo wa upendo. Baba hataki mkewe atembee peke yake gizani, anataka awepo, na pengine fedha zote za nyumba zimo mfukoni mwake. Lakini jibu hilo ni kosa, na laweza kuwa kosa lisilo na marekebisho. Kutoka saa 7 za usiku hadi saa 12 za alfajiri ni saa 5. Kwa mtu mzima mwenye homa, saa 5 ni usiku mbaya tu. Kwa mtoto wa miezi 9 mwenye malaria kali, muda huo watosha kwa sukari ya damu kuanguka, kwa chembe za damu kuharibika, na kwa ubongo kudhurika. Mwili wake ni mdogo na akiba yake ni ndogo.

Sajini aliyekuwa karibu na koplo huyo ameyasikia mazungumzo. Hakungoja kuombwa ruhusa.

"Koplo, mwambie aondoke sasa hivi. Wewe utamkuta huko huko hospitali."

"Na zamu, Afande?"

"Zamu itashikwa na mwingine. Mtoto wako hana baba mwingine."

Maneno hayo machache ya sajini yana uzito kuliko hotuba ndefu. Familia nyingi hupoteza saa zilizo muhimu kabisa nyumbani, kabla ya kuuona mlango wa hospitali. Mama anamngoja baba. Baba anangoja ruhusa. Mkuu anangoja mkuu wake. Bibi aliye kijijini anashauri kwa simu kwamba degedege lina dawa yake ya mitishamba, na kwamba mtoto mwenye degedege asichomwe sindano. Imani hiyo imeenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nayo imezika watoto wengi. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Kinachomuua ni ugonjwa uliolileta degedege hilo, ukiachwa bila tiba.

Basi mzazi atajuaje kwamba saa ya kuondoka imefika? Madaktari wa watoto wamezipanga dalili za hatari kwa njia rahisi, ambayo askari yeyote anaweza kuishika kichwani kama anavyoshika amri za gwaride. Kwanza, mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Pili, anatapika kila kitu. Tatu, ameshikwa na degedege. Nne, amelegea mno, haamki vizuri, au amepoteza fahamu. Dalili moja tu kati ya hizo nne yatosha. Si lazima zitimie zote, na si lazima kungoja mapambazuko.

Kuna dalili nyingine inayopimwa kwa saa ya mkononi. Mtoto akiwa ametulia, halii, mzazi amfunue kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi chini ya mwaka 1, ni pumzi 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Kama kifua kinabonyea kwa ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hapana haja ya kuhesabu zaidi, safari ianze. Aidha, mtoto aliye chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote, au mwili uliopoa kupita kiasi, hatibiwi nyumbani kwa kubahatisha. Huyo ni mgonjwa wa hospitali moja kwa moja.

Mama wa mfano huu ameondoka. Amemfunga mtoto kwa lesu, amechukua daftari la matibabu, chupa ya chai, beseni dogo na nguo mbili. Anafika katika kitengo cha watoto na kukuta wazazi wengine wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na wake. Musawo, kama watu wa Kampala wanavyomwita mtumishi wa afya, anapita akiwatazama watoto mmoja mmoja: pumzi zao, rangi ya viganja vyao, baridi ya mikono na miguu. Anamwona mtoto wa koplo, anamchukua palepale, na kuwapita wengine waliotangulia.

Hapa pana somo kwa kila mtu, hasa kwa mwenye sare. Kitengo cha dharura kinachofanya kazi vizuri hakifuati utaratibu wa nani alitangulia, wala hakifuati cheo. Kinafuata uzito wa ugonjwa. Utaratibu huo wa kuwachambua watoto mlangoni ulijengwa kwa kiasi kikubwa kutokana na kazi iliyofanywa katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaueneza. Baba anayefika na magwanda yake na kutaka mtoto wake mwenye mafua ahudumiwe kabla ya mtoto wa mchuuzi anayepigania pumzi, ametumia nguvu za dola dhidi ya mtoto mchanga. Na baba huyo huyo, mtoto wake akiwa ndiye mahututi, atashukuru kwamba kanuni hiyo ipo.

Yanayofuata ni magumu kwa mzazi kuliko yote. Anaambiwa ashike mkono wa mtoto usitikisike wakati sindano inatafuta mshipa. Mtoto analia kwa sauti iliyokauka, na anayemshika ni yule yule aliyemzoea kuwa kimbilio lake. Kidole kinatobolewa, tone la damu linachukuliwa kutafutwa malaria, jingine kupima sukari, jingine kupima wingi wa damu. Mpira mwembamba wa oksijeni unawekwa puani. Mzazi anasikia maneno asiyoyajua yakisemwa juu ya mtoto wake, na anaona aibu kuuliza.

Asione aibu. Kampala ni mji wa lugha nyingi, na kambi zake ni za lugha nyingi zaidi. Mama aliyetoka Arua, Gulu au Moroto kumfuata mumewe aliyehamishwa huenda hajui Kiganda wala Kiingereza. Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya jeshi na polisi nchini Uganda tangu enzi za ukoloni, chaweza kumwokoa hapo. Mama aseme anajua lugha gani, naye aombe kuelezwa mambo matatu: mtoto ana nini, anapewa nini, na ni dalili gani ikitokea amwite muuguzi mara moja. Katika wodi yenye watoto wengi na wauguzi wachache, jicho la mama aliyekaa juu ya mkeka kando ya kitanda ni jicho la mlinzi. Yeye ndiye atakayeona kwanza kwamba pumzi zimebadilika, kwamba mkono wenye dripu umevimba, kwamba mtoto amepoa.

Mchango wa mzazi aliye kando ya kitanda hauishii kwa mtoto wake mwenyewe. Hospitali ya Mulago, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1913, na ambayo jengo lake kuu jipya lilifunguliwa mwaka 1962, imeifunza dunia mengi kuhusu maradhi ya watoto. Ni kutokana na watoto wa Mulago ambapo daktari Hugh Trowell na wenzake waliandika juu ya utapiamlo wa kwashakoo. Ni hapo ambapo mwaka 1957 daktari Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya, na baadaye saratani hiyo ikapewa jina la Burkitt. Nyuma ya kila ugunduzi wa namna hiyo alikuwako mtoto mgonjwa, na nyuma ya mtoto alikuwako mzazi.

Tukio la karibu zaidi lastahili kusimuliwa kwa kirefu. Kwa miaka mingi, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, mtoto aliyeletwa na homa kali huku mzunguko wake wa damu ukiwa dhaifu alimiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, ndani ya muda mfupi. Ilionekana kuwa jambo la busara lisilohitaji kuulizwa. Swali likawa, je, tiba hiyo ingewaokoa watoto wa Afrika, ambao wengi wao wana malaria na upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine za kuwapumulia?

Utafiti ulioitwa FEAST ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, na hospitali ya Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania. Miongoni mwa walioongoza walikuwa daktari Kathryn Maitland na daktari Sarah Kiguli wa Makerere. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Mafungu mawili yalimiminiwa maji kwa haraka, moja kwa aina hii ya maji na jingine kwa aina ile. Fungu la tatu halikumiminiwa, bali lilipewa maji ya kawaida polepole. Wote walipata dawa zao na, waliohitaji, damu na oksijeni.

Fikiria hali ya mzazi katika saa hiyo. Mtoto anapigania roho, na mtu anamwomba akubali mtoto huyo aingizwe katika utafiti. Watafiti walijua kwamba mzazi aliyejawa na hofu hawezi kusoma karatasi ndefu na kuipima. Kwa hiyo, pale ambapo dharura haikuruhusu, mzazi alielezwa kwa maneno machache na kuombwa kauli yake kwa mdomo. Mtoto alipotulia, alielezwa yote kwa ukamilifu na kuombwa ridhaa ya maandishi. Njia hiyo ilizua mjadala mkubwa miongoni mwa wataalamu wa maadili ya tiba, na mjadala huo ulikuwa wa haki.

Mwezi Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia. Kamati huru iliyokuwa ikikagua matokeo iliona kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walikuwa wanakufa zaidi. Katika saa 48 za kwanza, kwa kila watoto 100 wa mafungu mawili yaliyomiminiwa, walikufa karibu 11. Kwa kila 100 wa fungu ambalo halikumiminiwa, walikufa 7 na kidogo. Tiba iliyodhaniwa kuwa ni msaada ilikuwa inawadhuru. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kuwa mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu wa damu, ambaye hajafikia mshtuko kamili, asimiminiwe maji kwa haraka.

Asiwepo mzazi atakayesikia habari hizi akakataa dripu. Watoto wenye kuharisha na kukaukiwa maji hawakuwamo katika utafiti huo, na kwao maji ni uhai. Kilichokatazwa ni wingi na haraka kwa watoto wa aina fulani, na kuwatambua ni kazi ya daktari. Kilicho muhimu kwa msikilizaji ni hiki: wazazi wa Kampala, Mbale, Soroti, Gulu, Kilifi na Muheza, katika saa zao za giza kuliko zote, waliisaidia dunia kujua ukweli. Baadhi yao waliondoka hospitalini na lesu tupu. Wasahauliwe na wengine, lakini askari asiwasahau, maana yeye ndiye ajuaye ni nini mtu kutoa alicho nacho kwa ajili ya wale asiowajua.

Vivyo hivyo, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa sindano ya artesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Vifo vilipungua kutoka karibu 11 hadi karibu 8 na nusu kwa kila watoto 100. Ndiyo maana mtoto wa koplo, usiku ule, alichomwa artesuneti.

Lakini kipimo cha damu yake kimeonyesha upungufu mkubwa. Viganja vyake ni vyeupe, na kifua kinakwenda mbio. Daktari anasema ahitaji damu. Hapo ndipo koplo anapofika, bado amevaa sare, akimkuta mkewe amesimama kama sanamu. Swali ni moja tu: je, damu ipo?

Damu haitengenezwi kiwandani. Shirika la Damu la Uganda, lenye makao yake Nakasero mjini Kampala, linategemea watu wanaojitolea bila malipo. Sehemu kubwa ya watu hao ni wanafunzi wa shule, na kwa sababu hiyo shule zinapofungwa, akiba hupungua, ilhali malaria haina likizo. Hesabu yake ni rahisi. Mtoto mwenye uzito wa kilo 8 huongezewa takriban mililita 160 za damu nzima. Mtu mzima mwenye afya akijitolea mara moja hutoa takriban mililita 450. Kwa hiyo dakika chache za askari mmoja kulala kitandani na kunyoosha mkono zaweza kutosha kwa zaidi ya mtoto mmoja. Kikosi kinachojipanga kutoa damu wakati wa likizo za shule kinajaza pengo lililo wazi, na hakuna ajuaye kama mtoto atakayeipata atakuwa wa raia wa Kisenyi au wa mwenzao wa kota.

Katika mfano huu damu ilikuwapo. Alfajiri, wakati koplo alipokuwa angetoka zamu, mtoto alifumbua macho, akageuza uso kifuani pa mama yake na kutafuta titi. Angengoja saa 12 kama baba yake alivyosema kwanza, huenda asingekuwako wa kupelekwa. Si kila mfano huisha hivyo. Wapo watoto wanaofika mapema na kufa, na wazazi wao wasihukumiwe na majirani wala wao wenyewe wasijihukumu. Kufika mapema si ahadi ya kupona. Ni kumpa mtoto nafasi yake yote.

Yapo basi mambo manne yanayofaa kufanywa katika kila kambi na kila kituo. Kwanza, kila baba anayelala kazini amwambie mkewe leo, kabla ya ugonjwa, kwamba akiona dalili moja ya hatari aondoke bila kungoja idhini ya mtu. Huduma katika hospitali za serikali za Uganda ziliondolewa ada mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, lakini usafiri na mahitaji madogo huhitaji fedha. Basi fedha kidogo ya dharura iwekwe nyumbani, mahali ambapo mama anapajua. Pili, majirani wa kota wajue ni nani mwenye gari au pikipiki usiku, na ni nani atakayebaki na watoto wengine. Tatu, mkuu wa zamu ajue tangu mwanzo kwamba ombi la mzazi mwenye mtoto mahututi halihitaji barua. Nne, kikosi kiwe na siku zake za kutoa damu.

Nidhamu ya jeshi na polisi haidhoofiki kwa mkuu kumruhusu askari wake akimbilie hospitali. Askari aliyeruhusiwa usiku ule atarudi langoni akiwa na moyo mmoja. Aliyenyimwa atakuwapo kwa mwili tu, bunduki mkononi, masikio yake yakiwa kwenye simu. Taifa hulindwa mipakani na barabarani, na hulindwa pia kando ya kitanda kidogo, ambapo mama anahesabu pumzi za mtoto wake hadi kunapambazuka. Zamu hiyo nayo ni zamu, na anayeishika hapaswi kuachwa peke yake.